Kutafuta bia nzuri ya ngano Marekani: mwongozo kamili kwa mnywaji anayetaka kujua anachokunywa

Bia ya kwanza ya ngano niliyoletewa Marekani nilidhani imeharibika. Nilikuwa na wiki tatu tu Kansas City, mwenzangu wa kazini akanipitisha baa baada ya zamu na kuagiza mbili bila kuniuliza. Ikaja glasi ndefu ya kitu cha njano iliyopauka, kimetibuka kama maji yaliyooshewa mchele, na ukingoni kimechomekwa kipande cha limau. Nikamtazama mhudumu, nikamtazama mwenzangu. Kinywaji kilichotibuka nakijua vizuri. Mimi ni wa Kibosho, nimekua naona mbege ikinywewa kwenye kata, na hakuna Mchaga anayetarajia mbege iwe angavu kama Kilimanjaro Lager. Ila hapa tulikuwa tumeagiza bia, na bia kwa akili yangu ya wakati ule ilikuwa kitu unachoweza kusomea gazeti upande wa pili wa glasi.

Nikainywa kwa adabu tu. Ilikuwa laini, ina harufu ya unga unaoumuka, uchungu kidogo sana, na kwa mbali kitu kama ganda la ndimu. Kabla sijaimaliza nikauliza inaitwaje. Ilikuwa Boulevard Unfiltered Wheat, inapikwa hapo hapo mjini.

Tangu siku hiyo nimetumia muda mwingi, na pesa nyingi kuliko ninavyomwambia mke wangu, kulinganisha bia za huku na kutafuta ya ngano inayostahili kurudiwa. Nimekosea sana njiani. Haya hapa ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia mapema, kwa mpangilio ambao naona ungeniokolea hela.

Hatua ya 1: Menyu isikuchanganye

Ukisoma menyu ya baa ya Marekani utaona neno «Domestic», na kwa kuwa unatafuta bia ya nchini utadhani ya ngano imo humo. Huipati. Neno hilo limebaki kuwa jina la bei: chini yake zimeandikwa Budweiser, Bud Light, Miller Lite, Coors Light na ndugu zao. «Import» ni Corona, Modelo, Heineken na wenzake. Bia ya ngano iliyopikwa Marekani mara nyingi imo kwenye safu ya «Craft», yaani bia za viwanda vidogo, au imeandikwa ubaoni kwa chaki, pamoja na bia za bomba.

Hizo za safu ya kwanza zote ni lager nyepesi zilizochujwa hadi zikang'aa. Budweiser, ambayo imekuwepo tangu 1876, hupikwa kwa kimea cha shayiri pamoja na mchele. Miller Lite na Coors Light hutumia sharubati ya mahindi. Mchele na mahindi hutoa sukari ya kuchachuka bila kuacha ladha kubwa, ndiyo maana bia inakuwa nyembamba mdomoni. Bud Light ni asilimia 4.2 ya kileo, sawa na Tusker, na Budweiser yenyewe ni asilimia 5. Siwadharau wanaozinywa. Julai huku jua linawaka kama Dodoma, na mtu aliyetoka kukata majani hahitaji falsafa ndani ya kopo. Lakini nunua kopo moja la aina hiyo hata kama huipendi, kwa sababu tutalitumia mezani kama kipimo.

Hatua ya 2: Jua familia tatu, na ujue kwamba hamira ndiyo inayozitenga

Hapa ndipo wengi wanapopotea, mimi nikiwemo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ngano ina protini nyingi kuliko shayiri. Protini hiyo ndiyo inayoleta povu zito linalokaa, ule ulaini mdomoni na sehemu ya ule utusitusi. Lakini punje ya ngano haina ganda la nje kama la shayiri. Ukiipika peke yake inageuka uji mzito unaogoma kuchuja, na mpishi anabaki na sufuria iliyoziba. Kwa hiyo karibu kila bia ya ngano ni mchanganyiko. Shayiri inaingia na maganda yake, nayo yanafanya kazi ya chujio. Ujerumani sheria inataka angalau nusu ya kimea kiwe cha ngano. Marekani mara nyingi utakuta theluthi hadi nusu.

Sasa sikiliza: ngano yenyewe haina ladha kali. Bia mbili zinaweza kuwa na kiasi kile kile cha ngano na zisifanane hata kidogo. Kinachozitenga ni hamira.

Familia ya kwanza ni ya Kimarekani. Marufuku ya pombe ya 1920 hadi 1933 iliua viwanda vingi vidogo, na kwa miongo kadhaa baadaye nchi nzima ilikunywa karibu lager tupu. Bia ya ngano ilirudi katikati ya miaka ya 1980: Anchor ya San Francisco ilitoa ya kwake 1984, kisha 1986 ndugu wawili wa Portland, Oregon, Kurt na Rob Widmer, wakatoa ile iliyoweka mfano. Kisa chao nakipenda. Baa moja ya mjini ilitaka bia ya tatu kutoka kwao, nao vyombo vya kuchachushia walikuwa navyo viwili tu. Wakachukua bia yao ya ngano waliyokuwa wanaichuja, safari hii wakaipeleka bila kuichuja. Wateja wakaanza kuigombania, na imetibuka vile vile. Hamira waliyotumia ilikuwa ya altbier, bia ya Düsseldorf, ambayo haina makeke. Kwa hiyo bia ya familia hii inaonja nafaka, mkate, limau kidogo, na wakati mwingine hopsi, yale maua ya kuipa bia uchungu, zenye harufu ya machungwa. Haina ndizi wala karafuu.

Familia ya pili ni ya Bavaria, kusini mwa Ujerumani, ambayo Wamarekani kadhaa wanaipika kwa uaminifu. Hamira yake inapochachuka hutoa isoamili asetati, kemikali ile ile inayoipa ndizi mbivu harufu yake, na vinili gwayakoli, inayonukia karafuu. Ndani hakuna ndizi, hakuna karafuu. Mpishi akichachusha kwenye joto la juu kidogo, ndizi inapanda. Akipoza, karafuu inajitokeza zaidi. Mara ya kwanza nilipokutana na bia hii niliweka glasi chini nikacheka peke yangu. Kwetu tunachemsha ndizi mbivu siku nzima, tunachanganya na uji wa ulezi ulioota, tunatia gome la msesewe lilete uchungu ambao hopsi huleta kwenye bia ya kizungu. Mjerumani anapata ndizi yake bila hata mgomba. Kaka yangu alipokuja kunitembelea nilimmiminia moja bila kumwambia kitu. Akanusa, akanywa, akanusa tena, akauliza: «Hii wametia mkungu mzima?»

Familia ya tatu ni ya Kibelgiji, inayoitwa witbier, yaani bia nyeupe. Hii hutumia ngano mbichi ambayo haikuoteshwa kimea, hivyo inakuwa nyeupe zaidi, kisha hutiwa mbegu za giligilani na ganda la chungwa. Ilikuwa karibu kupotea kabisa Ubelgiji mwishoni mwa miaka ya 1950, hadi muuza maziwa aitwaye Pierre Celis alipoifufua kijijini kwao Hoegaarden 1966. Mtu huyo huyo alihamia Texas na kufungua kiwanda Austin 1992, na mtindo ukaota mizizi Marekani. 1995 ulikuwa mwaka wake: Allagash White ilianza Portland ya Maine (usichanganye na ile Portland ya Oregon), na Blue Moon ikaanza Denver, ndani ya kiwanda kidogo cha Coors kilichomo uwanja wa besiboli.

Zipo nyingine: za ngano zenye uchachu, za ngano zenye matunda, na kali za kupita asilimia 9 zinazoitwa mvinyo wa ngano. Ziache kwanza. Ukianza nazo utachanganyikiwa.

Onyo moja la lebo. Neno «Hefeweizen» ni la Kijerumani, hamira na ngano tu. Likiwa kwenye chupa ya Mjerumani, tegemea ndizi. Likiwa kwenye chupa ya Mmarekani linaweza kuwa lolote. Ya Widmer imeandikwa hivyo na haina ndizi hata chembe. Kwa hiyo usimuulize mhudumu kama ni «hefeweizen». Muulize kama ina ndizi na karafuu. Akijua kazi yake atakujibu mara moja, na asipojua omba kionjo. Huku si aibu. Baa nyingi zitakumiminia vidole viwili kwenye kiglasi bila kukutoza.

Hatua ya 3: Dukani, soma tarehe kabla ya jina

Sisi tumezoea swali moja: moto au baridi? Huku kuna swali la pili ambalo ni muhimu zaidi: ya lini?

Bia ya ngano haizeeki vizuri. Hopsi zake ni chache na kileo chake ni cha wastani, kwa hiyo hakuna kitu cha kuilinda. Ile harufu ya mkate na ndizi inafifia kwanza, halafu hewa iliyobaki ndani ya chupa inaanza kazi yake. Nilijifunza kwa hasara. Duka moja lilikuwa limeweka kikapu cha punguzo karibu na mlango, pakiti ya chupa sita kwa nusu bei, na mimi nikaona nimewahi. Nilipofika nyumbani nikafungua ya kwanza: ladha ya boksi lililonyeshewa mvua. Ya pili hivyo hivyo. Nilipoigeuza chupa kutafuta tarehe, ilikuwa na miezi kumi na moja tangu ijazwe. Kiwanda hakikuwa na kosa lolote.

Kanuni yangu sasa ni miezi mitatu tangu kujazwa. Ikizidi minne naiacha, hata kama ndiyo niliyoifuata. Viwanda vingine huandika siku ya kujaza, vingine siku ya mwisho ya kunywa, na vingine namba ya siku katika mwaka, kwa mfano 145, ambayo ni tarehe 25 Mei mwaka usio mrefu. Tafuta shingoni mwa chupa, chini ya kopo au ubavuni mwa boksi. Kama tarehe haionekani kabisa, chukua nyingine.

Jambo la pili ni mwanga. Miale ya jua, hata ya taa za dukani, huvunja uchungu wa hopsi na kuugeuza kitu kinachonuka kama kicheche. Wamarekani wana mnyama wao wa kunuka wanayemsingizia, sisi tunaye kicheche, na harufu ni ya ukoo mmoja. Chupa ya kahawia inakinga vizuri, ya kijani na nyeupe hazikingi. Kopo halipitishi mwanga hata kidogo. Kwa hiyo mtu akikwambia bia ya kopo ni ya hadhi ya chini, mwache aendelee kuamini, wewe beba kopo.

Na sheria. Umri wa kununua ni miaka 21 nchi nzima, na utaombwa kitambulisho hata kama una mvi. Mgeni beba pasipoti. Mengine yanabadilika kila jimbo. Kansas City imekatwa na mpaka, kuna barabara inaitwa State Line Road: upande mmoja ni Missouri, mwingine Kansas. Missouri unanunua bia, hata pombe kali, kwenye kituo cha mafuta. Kansas dukani kwa vyakula utapata bia, lakini isiyozidi asilimia 6, na hiyo imeruhusiwa 2019 tu. Iliyo kali zaidi uende duka la pombe. Nilipofika nilikuwa nikisikia neno grosari nadhani naelekezwa kwenda kunywa, kama kwetu, kumbe naelekezwa kwenye nyanya na maziwa.

Utashangaa pia kwamba bia inayosifiwa huipati mjini kwako. Baada ya marufuku kuondolewa 1933 majimbo mengi yaliweka mfumo wa ngazi tatu: kiwanda kinamuuzia msambazaji, msambazaji anauzia duka. Kiwanda kisipokuwa na msambazaji katika jimbo lako, bia yake haivuki mpaka. Acha kuitafuta, tafuta mwenzake wa familia hiyo hiyo aliyeko karibu. Ya karibu ina uwezekano mkubwa wa kuwa mpya.

Na kama kwako «ya nchini» maana yake ni inayomilikiwa nchini, angalia lebo: tangu 2017 viwanda vidogo huru hubandika alama ya chupa iliyopinduliwa kichwa chini. Boulevard hawana haki nayo, walinunuliwa na Duvel Moortgat ya Ubelgiji 2013. Goose Island ya Chicago iko chini ya Anheuser-Busch, wapikaji wa Budweiser, tangu 2011, na Bell's ya Michigan iliuzwa 2021 kwa kampuni iliyo chini ya Kirin ya Japani. Mimi naendelea kuzinywa. Lakini wapo rafiki zangu ambao kwao hilo ni neno la mwisho, na siwabishii.

Hatua ya 4: Kumimina

Glasi iwe safi kwelikweli, bila mafuta wala mabaki ya sabuni, la sivyo povu linakufa. Kujua: lowesha glasi, mwaga maji, nyunyiza chumvi ndani. Chumvi ikishika sawasawa kote, glasi ni safi. Ikiacha mabaka, rudia kuosha.

Bia iwe na baridi ya nyuzi 5 hadi 7, yaani itoe frijini dakika kumi kabla. Ikiwa ya barafu hutaonja kitu, na hapo ndipo matangazo ya lager yanapotaka uwe. Lowesha glasi kwa maji baridi, iinamishe, mimina polepole robo tatu ya chupa. Kisha simama. Chini ya chupa kumebaki vidole viwili vya bia na tope la hamira. Zungusha chupa kwa kiganja kama mtu anayesuuza chungu, tope liinuke, halafu mimina lote juu. Utaona wingu linashuka katikati ya glasi na povu linapanda kama maziwa yanayotaka kumwagika jikoni. Kopo ligeuze kichwa chini taratibu kwa sekunde chache kabla ya kulifungua.

Limau au chungwa? Onja kwanza bila. Mafuta ya ganda huua povu, na asidi hufunika ile harufu uliyoilipia. Kwa Blue Moon kipande cha chungwa ni sehemu ya mchezo, nakubali. Kwa nyingine, mhudumu akiuliza, mwambie akuwekee pembeni.

Hatua ya 5: Meza ya kulinganisha

Usilinganishe bia ya leo na kumbukumbu ya bia ya wiki iliyopita. Kumbukumbu ya ladha ni dhaifu na inaongozwa na lebo, na na nani ulikuwa naye. Weka meza.

Tunakutana watu wanne au watano nyumbani, bia tano. Ya kwanza ni lile kopo la lager nyepesi. Ya pili ni ya ngano ya Kimarekani, ya tatu ni witbier, ya nne ni ya Bavaria iliyopikwa Marekani, na ya tano ni ya Bavaria iliyotoka Ujerumani kwenyewe, kama Weihenstephaner, iwe fimbo ya kupimia. Kila mtu mililita 100 kwa kila bia. Jumla ni nusu lita, karibu chupa moja na nusu za huku, ambazo ni mililita 355 kila moja. Unabaki na akili. Hata hivyo anayeendesha anaonja na kutema, au analala kwangu. Kikomo cha kileo kwenye damu ya anayeendesha ni asilimia 0.08 katika majimbo karibu yote, Utah ni 0.05. Na mwenye mwili unaokataa gluteni, protini iliyomo kwenye ngano na shayiri, asikae kabisa kwenye meza hii.

Mtu mmoja anamimina jikoni kwenye glasi zinazofanana zilizobandikwa namba, wengine hawaoni chupa. Hatuli pilipili wala kachumbari kabla. Mezani kuna maji na mkate mweupe tu. Shemeji yangu aliwahi kuleta sambusa za moto katikati ya zoezi, zoezi likaishia hapo, na sambusa zilikuwa nzuri.

Kila glasi tunafanya mambo manne. Tunaitazama: rangi, ukungu, povu linakaa muda gani. Tunainusa kabla ya kugusa mdomo, pumzi fupi mbili au tatu, maana harufu ndiyo inayokimbia kwanza. Tunaonja na kumeza. Kisha tunasubiri nusu dakika: kinabaki nini? Lager itakuwa imetoweka. Ya ngano nzuri inaacha ladha ya mkate. Andika maneno yako mwenyewe, ya jikoni kwenu. Mwenzetu wa Mombasa huandika «mahamri» kwa bia za Bavaria, kwa ajili ya viungo na hamira, na sijapata neno zuri kuliko hilo. Kasoro pia zina majina: siagi ni bia iliyotolewa mapema au bomba chafu, siki ni bomba chafu zaidi, boksi ni uzee, kicheche ni mwanga.

Ukiwa na bia mbili zinazokuumiza kichwa, fanya jaribio la pembetatu. Mtu akumiminie glasi tatu, mbili za bia moja na moja ya nyingine, nawe useme ipi ni mgeni. Kwa kubahatisha tu utapatia mara moja katika tatu, kwa hiyo rudia mara tatu. Ukipatia zote tatu, kubahatisha kuna nafasi moja tu katika 27. Nilikuwa naapa kwamba natofautisha bia fulani mbili za Kimarekani hata nikifumba macho. Nilipatia mara moja. Tangu hapo nanunua iliyo rahisi kati ya hizo mbili.

Hatua ya 6: Pa kuanzia

Haya ni maoni yangu, na yametokana na meza hiyo.

Kwa familia ya Kimarekani, Boulevard Unfiltered Wheat, asilimia 4.4, bado ndiyo ninayoirudia. Haina makuu, na ikiwa mpya ile harufu ya unga iko wazi. Ina faida moja: ukila nyama choma yenye mchuzi mtamu wa Kansas City, haishindani na chakula. Bell's Oberon ni nzito zaidi, 5.8, tunda zaidi, na hutoka Machi wakati watu wa Michigan wamechoka na theluji. Ilizaliwa 1992 kwa jina la Solsun. Ukipenda hopsi, Gumballhead ya Three Floyds, Indiana, 5.6, ina harufu ya hopsi za Amarillo, karibu na chungwa. Goose Island 312, jina limetokana na namba ya simu ya Chicago, ni 4.2 na ni nyepesi mno kwangu, lakini ni daraja zuri kwa mtu anayetoka kwenye Bud Light.

Kwa witbier sijapata ya Marekani inayoishinda Allagash White, 5.2. Giligilani iko, chungwa liko, na hakuna linalopiga kelele. Blue Moon, 5.4, ni tamu zaidi na chungwa lake liko mbele; inapatikana hata uwanja wa ndege, na nikiikuta siikatai. Meza yetu iligawanyika hapa: wawili walichagua Blue Moon bila kujua, na mmoja hadi leo anasema glasi zilichanganywa.

Kwa Bavaria, nilipokwenda Austin kumtembelea rafiki nilikunywa Live Oak Hefeweizen, 5.3, kwenye bustani ya kiwanda chao, na hapo ndipo nilipoacha kusema kwamba Wamarekani hawawezi. Ndizi na karafuu zimelingana, povu linasimama kama pamba. Kwetu haifiki, kwa sababu ya zile ngazi tatu. Hapa Missouri nanunua Schnickelfritz ya Urban Chestnut, St. Louis, 4.8. Ukiwa Pennsylvania tafuta DreamWeaver ya Tröegs, iliyo na karafuu zaidi. Nilipoziweka meza moja na Weihenstephaner, Mjerumani alishinda kwa povu, akashindwa kwa upya. Alikuwa amesafiri bahari nzima na tarehe yake ilionyesha.

Kwa hiyo kama una jioni moja tu na hela ya pakiti moja, fanya hivi: ukipenda ndizi nunua ya Bavaria iliyopikwa jimbo lako, ukipenda viungo chukua Allagash, na usipojua unachopenda chukua ya ngano ya Kimarekani yenye tarehe ya mwezi huu, yoyote ile, hata ambayo sijaitaja.

Chupa zitakazobaki zimefunguliwa usizirudishe frijini, kesho zitakuwa zimekufa. Mimi nachukua kikombe kimoja cha witbier, nachanganya na unga, chumvi na pilipili manga, nachovya vipande vya samaki na kukaanga hapo hapo wakati wageni wanatafuta viatu vyao. Mara nyingi huvua tena.